Daftari la Nyamvula

Mhandisi Dzombo aliupima ua wetu kwa hatua,
kisha kwa tepu, maana hatua zake hakuziamini.
Nyumba nane, mfereji mmoja, Tudor.
Usiku wa Jumatano mfereji hupiga chafya,
na baada ya chafya maji huja,
au hayaji.
"Mwataka tangi la ukubwa gani?"
Tukadhani atuuliza habari za fedha.

Njia ya kwanza aliifanya wima:
madumu arobaini kwa siku
mara siku nyingi kabisa tulizopata kukaa bila tone.
Ngapi? Mwanakombo akasema ishirini.
Shebwana akasema sitini, akaapa.
Kiu haina kalenda,
kila mtu hukumbuka ile iliyomkausha yeye.
Kwa kiapo cha Shebwana tangi lingeumeza ua mzima
pamoja na kamba za kuanikia.

Njia ya pili yataka kuketi.
Unajumlisha kilichoingia, siku juu ya siku:
mstari wapanda kama mtu mwenye gunia ngazini,
hatua, kituo, kituo, hatua.
Unajumlisha kilichotoka:
huo hauna kituo, vinywa havina likizo.
Pale mistari miwili ilipoachana mno
pima mwanya.
Mwanya huo ndio tangi lako.

"Sasa nipeni rekodi."
Ofisini walimwambia jalada liliharibika.
Liliharibiwa na nini?
Na maji.
Mwanakombo alicheka hadi akakaa chini.

Ndipo Nyamvula, anayetuuzia kwa mkokoteni,
akaenda kwake Moroto akarudi na daftari
lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.
Miaka kumi na mmoja ya madeni yetu.
"Mfereji ukitoka hamnijui," alisema.
"Ukikauka mwanikopa. Hesabuni."

Mpwawe Dzombo akayatia madeni kwenye kompyuta.
Hiyo ndiyo njia ya tatu:
kutoka miaka kumi na mmoja
ikazaa miaka elfu ambayo haijapata kuwa,
ikaikausha, ikainywesha,
ikatoa tangi dogo kuliko yote.
"Mwaka mmoja katika ishirini litawaishia," kijana alisema.
"Ni bei nafuu."
"Mwaka huo mniite," akasema Nyamvula,
na hatukujua kama tucheke.

Wakarudi kwenye mistari miwili.
Mmoja ulikuwa na jino.
"Hili tuling'oe," Dzombo alisema.
"Madumu mia na tisini, siku tatu, nyumba moja?
Aliyeandika alikosea."

Nikainama nisome.
Tarehe sikuitambua.
Siku zile nazijua kwa harufu ya karafuu maiti:
maji ya kumkosha mamangu,
maji ya udhu, safu mbili hapa uani,
maji ya chai ya watu wa Lamu waliochelewa,
sufuria za wali zikisuguliwa saa nane za usiku
na mtu, sijui nani, akisema leteni mengine,
na mengine yakija.
Sikuuliza yalikotoka.

Jina langu. Mwandiko wa kalamu ya risasi.
Madeni mengine yote yamekatwa mstari.
Hili halina mstari.

Nyamvula alikuwa akilikagua gurudumu la mkokoteni wake
kana kwamba ameliona leo.

"Hakukosea," nikasema. "Liache."

Dzombo akarudisha jino mahali pake.
Mwanya ukapanuka,
tangi likaongezeka upana wa mlango mmoja,
Shebwana akaguna juu ya saruji.
Jumatatu wataanza kuchimba, upande wa mpapai.

Nami usiku huu nina kalamu na mia na tisini,
na sijui niizidishe kwa bei ipi:
ya siku ile,
ya leo,
au ile ambayo Nyamvula
aliihesabu akanyamaza.